Uwanja wa Mkunazini

Katika mji wa Valladolid, Hispania, upo uwanja mkubwa wa kale uitwao Plaza Mayor. Mwaka 1559 watu walioshtakiwa kufuata mafundisho ya Luther walisomewa hukumu pale mbele ya umati, na kadhaa wao wakachomwa moto. Huwa nawaeleza hayo vijana wa kipaimara hapa Ilemela. Lakini kwa uwanja wa namna hiyo hatuna haja ya kwenda Ulaya. Upo wetu, Mkunazini, Unguja.

Nilifika huko na wazee wachache wa usharika, tukitokea semina Dar es Salaam. Aliyeitaka sana safari hiyo ni mama mmoja, mzee wa kanisa na mchuuzi wa dagaa pale Mwaloni, Kirumba.

Soko la watumwa lilifungwa Juni 1873, Sultani Barghash alipotia sahihi mkataba na Waingereza. Krismasi ya mwaka uleule Waanglikana wakaweka jiwe la msingi la kanisa palepale uwanjani. Leo madhabahu imesimama mahali panapotajwa kuwa pa kuchapia watumwa viboko, na duara la marumaru sakafuni linapaonyesha. Nyuma yake amezikwa Askofu Edward Steere, aliyefariki mwaka 1882. (Nguzo kadhaa zimesimikwa kichwa chini. Inasimuliwa kwamba mafundi walifanya hivyo askofu akiwa safarini. Mimi zilinifurahisha kuliko vioo vya rangi.)

Steere alifanya kazi kubwa ya kutafsiri Maandiko kwa Kiswahili. Karibu na kaburi lake nilijikuta nikiwaza neno moja tu. Paulo akijitambulisha kwa Warumi hujiita mtumwa wa Kristo, kisha mtume. Kwetu maneno hayo mawili ni ya tumbo moja: yote yametokana na kutuma. Chuoni tuliufurahia sana undugu huo. Pale Mkunazini haufurahishi. Soko lilikuwa limefungwa, lakini utumwa wenyewe haukufutwa kisheria Unguja hadi 1897. Kwa hiyo mtu aliyesikia maneno hayo ya Paulo ndani ya kanisa lile angeweza kuwa na bwana anayemngoja nyumbani. Jina alilojichagulia Paulo, yeye alibandikwa.

Wapo wahubiri wanaopenda kusema "mtumishi" badala yake, ili neno lisichome. Mimi sikubaliani nao. Paulo anawaambia Wafilipi kwamba Bwana mwenyewe alishuka hadi hali ya mtumwa. Tukilainisha neno, tunamsimamisha Kristo ngazi kadhaa juu, mahali ambapo hafikii lile duara la marumaru. Na kama hakufika pale, sijui waliofungwa pale tunawahubiria nini.

Nje ya kanisa liko shimo, na ndani yake sanamu tano za watu waliofungwa mnyororo shingoni, kazi ya msanii wa Sweden, Clara Sörnäs, ya mwaka 1998. Mama alizitazama muda mrefu.

"Mchungaji, hawa ni wa kwetu?"

Nikamweleza kwamba wengi walioletwa Unguja walitoka pande za Ziwa Nyasa, wakapitishwa Kilwa. Watu wa pande zetu, Wanyamwezi na Wasukuma, wengi walishuka pwani kama wapagazi wa pembe za ndovu, kwa ujira.

"Na mashamba waliyaacha na nani?"

Swali la mtu anayelima. Nikamwambia ukweli: Unyamwezi wako walionunua watumwa, wakawaachia jembe wao wakiwa njiani na misafara.

"Kwa hiyo hata wale waliokuwa wakilima ni wa kwetu."

"Ndiyo, mama."

"Na waliowanunua?"

"Na wao."

Akavua kandambili, akaketi ukingoni mwa shimo, akaanza kuomba kwa Kisukuma. Mwongozaji wetu, kijana Mwislamu, alirudi nyuma hatua chache, akasimama kimya. Wazee wengine nao wakaketi mmoja mmoja. Boti ya saa tisa na nusu ikatuacha.