TAA ZIMEZINGUA, STAA KAGONGA BODA: HIVI NANI ANALIPA?

Wiki hii huko mitandaoni stori ni moja tu, ya dada yetu wa Bongo Movie (jina kapuni) aliyemgonga bodaboda usiku kwenye mataa. Kwenye video yake analia anasema hana kosa, eti kwake ilikuwa kijani na kwa boda pia kijani. Mashabiki wake wanasema alipe mwenye taa. Timu boda wanasema ana hela, alipe yeye.

Mimi sina timu. Ila hii ishu inanigusa, kaka yangu ni boda. Miezi mitano iliyopita aligongwa kwenye makutano ambayo taa zilikuwa zimezima kabisa. Mguu ukavunjika, na pikipiki yenyewe ilikuwa ya mkataba, hajamaliza hata nusu. Mwenye gari akasema kosa ni la taa. Watu wa bima wakasema wanasubiri polisi waseme nani mwenye kosa. Ofisi inayohusika na zile taa ikasema dereva ndiye alitakiwa kuwa makini. Kila mtu anamnyooshea mwenzake kidole, bro yuko kitandani kafungwa POP na hesabu ya tajiri inadaiwa kila siku.

Ikabidi nimfuate wakili mmoja wa mtaani kwetu. Aliyonieleza ndiyo haya, na nadhani dada yetu naye angeyasikia asingepost ile video.

Kwanza, taa kuzima hakumwondolei dereva wajibu. Zikizima, hapo ni makutano kama mengine, unapunguza mwendo, unaangalia, unapisha. Hata kijani maana yake ni pita kama njia ni salama, sio pita umefumba macho. Na trafiki akiwepo, mkono wake ndio unafuatwa. Si tunaona kila siku, kijani inawaka halafu afande kakuwekea kiganja? Mahakama inauliza hivi: dereva makini angefanya nini pale?

Pili, taa iliyozima na taa inayodanganya ni vitu viwili. Iliyozima unaiona. Kijani kwa pande zote mbili ni mtego, na hapo anayesimamia taa anabanwa zaidi. Lakini lazima uthibitishe, maana mitambo mingi ya taa ina kifaa cha kuzuia kijani kugongana, kikihisi tatizo taa zinaanza kumwekamweka au zinazima. Maneno ya Insta hayatoshi.

Tatu, wenye taa wanashtakika. Barabara kuu ziko chini ya TANROADS, nyingi za mitaani ziko chini ya TARURA. Ila uonyeshe walijua au walitakiwa kujua kuwa taa ni mbovu, na walikuwa na muda wa kutengeneza. Taa iliyozima dakika kumi zilizopita sio sawa na iliyozima wiki mbili. Halafu hukurupuki tu kwenda mahakamani. Unatoa notisi ya siku 90, na kwenye kesi unamuunganisha Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Madai ya uzembe kama haya mwisho ni miaka 3.

Nne, kosa linaweza kugawanywa. Dereva akabeba fungu lake, mwenye taa lake, na boda naye lake kama alikuwa anakimbia au hana taa ya mbele.

Aliyeumia anaanzia wapi sasa? Bima ya gari lililomgonga. Ile bima ndogo tunayoidharau ni ya lazima kisheria, na kazi yake ni hao watu wengine uliowaumiza. Gari lako mwenyewe linatengenezwa na bima kubwa. Kwa hiyo dada, kabla ya kubishana na taa, peleka taarifa kwenye bima yako. Yule kijana hawezi kulipia kitanda kwa huruma za mashabiki.

Sisi kilichotuokoa ni mangi wa duka la jirani. Alipiga video taa zikiwa zimezima, na aliwaambia polisi zina siku tisa hivyo hivyo. Bima wakalipa hospitali. Pikipiki ilishachukuliwa na tajiri, hiyo hairudi. Notisi kwa wenye taa tumepeleka mwezi uliopita, tunahesabu siku.

Kwa hiyo wadau, ukikuta ajali kwenye mataa mabovu, ukishasaidia majeruhi, piga picha za taa za pande zote na namba za gari. Andika saa. Tafuta mtu wa pale anayejua zimezima tangu lini, na hakikisha majeruhi anapata PF3. Na kama kuna taa mbovu mtaani kwako, ripoti leo kwa maandishi ubaki na nakala. Kesho mtu akigongwa pale, hiyo karatasi yako ndiyo itawazuia kusema hawakujua.

Kwenu ni mataa gani yamezima, na tangu lini? Dondosha hapo chini.