Mashine ya Kuchomelea Tuliyonunua Katwe

Mwezi huu tunataka kuwaeleza namna tulivyonunua mashine ya kuchomelea vyuma iliyokwisha tumika, maana tunajua vijana wengi huko kambini wana ufundi huo mikononi, wamekosa chombo tu.

Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inaturuhusu kufanya kazi, lakini ukiishi mjini, chakula na kodi ni juu yako. Kijana wetu mkubwa alikuwa akikodi mashine kwa siku. Jioni akishatoa pesa ya mwenye mashine na ya vijiti, anabaki na nauli tu. Mwezi wa 12 Mama alipata pesa yake ya kikundi cha akiba. Pesa hiyo ilikuwa ya karo, na shule zinafungua mwezi wa 2. Tulibishana siku mbili. Baba alisema karo kwanza. Mama akauliza, "Ya mwaka huu tutalipa, na ya mwaka kesho je?" Basi tukakubaliana twende Katwe.

Katwe mafundi wanatengeneza mashine hizi wenyewe, na zilizotumika zipo pia. Jambo la kwanza ni waya wa ndani. Shaba ni nzito na ya bei. Aluminiamu ni nyepesi, inapitisha umeme kama asilimia 60 tu ya shaba, kwa hiyo waya wake ukiwa na unene uleule unapata moto haraka. Shida ni kwamba zote zinapakwa vanishi, kwa macho huwezi kujua. Tuliomba mashine ichomolewe kwenye umeme, ifunguliwe, na waya ukwaruzwe kidogo kwa kisu pale kwenye ncha. Ya kwanza ilitoka nyeupe, na mwenyewe alikuwa ameapa ni shaba tupu! Tukamwambia asante, tukaenda mbele. Ya tatu ilitoka nyekundu.

Halafu kuijaribu. Muuzaji alichukua kijiti chembamba cha milimita 2.5, kikawaka vizuri. Lakini hicho kinataka ampea 60 mpaka 90 tu, karibu mashine yoyote itakichoma. Sisi mageti tunachomelea kwa kijiti cha milimita 3.2, kinachotaka ampea 90 mpaka 130, na tulikuja navyo mfukoni. Kijana alichoma vitatu mfululizo, sisi tunanusa. Mashine ilipata joto, ndiyo, lakini harufu ya vanishi kuungua haikuwepo, wala kijiti hakikuganda kwenye chuma. Hapo ndipo tukaanza kuongea bei.

Pesa yote hatukuimalizia kwenye mashine. Tulibakisha ya fundi umeme na waya mnene kutoka kwenye mita, mwenye nyumba akiwa amekubali. Waya wa taa hauwezi mzigo huo, unaweza kuunguza nyumba. Tulibakisha pia ya kinga ya uso yenye kioo namba 11. Ukichomelea bila kioo hicho, usiku macho yanauma kama yametiwa mchanga, na miwani ya jua haisaidii kitu. Upande wa jirani tulisimamisha bati ili watoto wasitazame ule mwanga.

Muhula wa kwanza tulilipa karo nusu, shule ikatuvumilia. Muhula wa pili tulimaliza deni, kwa pesa ya madirisha na mageti mawili. Umeme wa Yaka tunanunua kidogo kidogo, siku yenye kazi tu.

Kwa hiyo vijana wetu, mkipata pesa kidogo msikimbilie rangi mpya ya boksi. Nendeni na kisu, na vijiti vya kazi yenu wenyewe, na mtu mwenye pua nzuri. Wasalimieni wazee wote.

Ni sisi, familia yenu ya Kampala.