Namba ya Simu Niliyoiandika Mimi

Nakiri kosa hili hadharani kwa sababu nililitenda hadharani, kalamu mkononi, na watu wakanishukuru.

Agosti 8, 2022, siku ya Nanenane jijini Mbeya, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mbolea ya ruzuku. Mfuko wa kilo 50 wa DAP au urea, uliokuwa umepita shilingi 100,000, ukashuka hadi 70,000. Sharti lilikuwa kujiandikisha kijijini: jina, ukubwa wa shamba, zao, namba ya simu. Baadaye unaletewa ujumbe mfupi wenye namba yako ya mkulima, unakwenda nayo kwa wakala, unalipia, unabeba mbolea. Kwetu Mbozi, ambako kulima mahindi bila mbolea ni kumwaga jasho bure, watu walifurahi mno. Nami nikajitolea kumsaidia mtendaji wa kijiji kuandikisha.

Wanawake wengi walisema hawana simu. Sikuwauliza la pili. Niliandika namba ya mume. Asiye na mume, ya mwanawe wa kiume au ya shemeji. Foleni ilikuwa ndefu, na niliamini kabisa kwamba simu ya mume ni simu ya nyumba. Simu ya nyumba! Simu ni ya yule ambaye hulala nayo mfukoni.

Mama mmoja jirani yetu analima ekari mbili alizoachiwa na baba yake. Ujumbe wake ulifika kwenye simu ya mumewe, naye hakuambiwa. Mvua za Novemba zikaanza, wenzake wakapandia DAP, yeye bado anangoja. Alipokwenda kwa wakala kuulizia, akajibiwa kuwa mbolea yake imeshachukuliwa. Mume alikuwa ameiuza.

Nilipita shambani kwake mahindi yalipofika magotini. Majani ya chini yalikuwa ya njano kuanzia ncha, njano ikishuka katikati ya jani, huku ng'ambo ya mpaka ya jirani yakiwa yamekolea kijani. Mama akaniangalia. "Mwanangu, jina langu uliliandika wewe," akasema, kisha akaendelea kupalilia.

Nilimlaumu mumewe kwa muda mrefu. Lakini njia ya kuipata mbolea ile nilimpa mimi. Siku hizi bei za mazao, utabiri wa mvua, tahadhari ya viwavijeshi, vyote vinaifuata namba ya simu. Niliandika namba ya mtu ambaye hajawahi kutia jembe kwenye ekari zile, nikamfanya yeye ndiye mkulima.

Wala simu janja haikuhitajika. Ujumbe mfupi unasomeka hata kwenye simu ndogo ya kitochi. Hata asiye na kitochi angeweza kusajili laini yake kwa kitambulisho cha taifa, akaiweka jioni kwenye simu ya binti yake na kusoma kilichoingia. Ningemweleza hayo kwa dakika chache tu.

Nimemwomba radhi mbele ya watoto wake. Taarifa zake za usajili zimehuishwa, na namba iliyopo sasa ni yake.

Ndugu yangu unayeandikisha wakulima msimu huu, mama akikwambia hana simu, weka kalamu chini. Muulize ujumbe utaingia kwa nani na nani atausoma. Ikiwa si yeye, msaidie kwanza apate laini, hata foleni ikinung'unika.