Jangwa Lina Wenyewe

Ukimtajia mtu wa Mombasa jangwa la Chalbi, atakwambia, "Ah, kule hakuna kitu!" Sisi wa Tudor tumezoea bahari, mikoko na maembe ya msimu. Lakini je, ni kweli kule hakuna kitu?

Tuna mwenzetu darasani, Mgabra wa Marsabit, akaaye hapa Tudor kwa mjomba wake. Siku moja alitaniwa ati kwao ni mchanga na njaa tu. Hakukasirika. Aliuliza hivi: "Nyinyi mfereji ukikauka siku tatu, mwafanya nini?" Darasa zima kimya! Nje, mikokoteni ya maji ilikuwa yapita, na kila mama alikuwa mlangoni na ndoo yake.

Basi akatueleza. Chalbi ni sakafu ya ziwa la kale lililokauka, na chumvi yake ni dawa ya mifugo. Pembeni mwake, pale Kalacha na North Horr, maji yabubujika yenyewe kutoka ardhini na mikoma yaota. Naam, mikoma, jamaa ya ile tunayotafuna makoma yake hapa pwani! Nyumba zao za vijiti na mikeka hufunguliwa, zikapakiwa juu ya ngamia, safari ikaanza. Ngamia naye hukaa zaidi ya wiki bila kunywa, na maziwa hutoa.

Ukame wa 2020 hadi 2023 ulipopiga, ng'ombe wa kwao walikwisha wote. Ngamia wakabaki. Mmoja akauzwa, karo ikapatikana. "Kama si yule ngamia, nisingekuwa nanyi hapa," alisema. Wallahi, hakuna aliyecheka tena.

Hata upepo wa kule umekuwa mali. Upande wa Loiyangalani yasimama mapangaboi 365 yenye uwezo wa megawati 310, na tangu 2018 umeme wake huingia katika gridi ya taifa. Huenda taa unayosomea jioni hii hapa Tudor yawashwa kwa upepo wa jangwani!

Wenzangu, mchanga peke yake haumlishi mtu. Mali ya jangwa ni elimu ya wenyewe: wajua kisima kiko wapi, malisho yako wapi, na lini wahame. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Tukimwona mtu ameishi pasipo mvua, tusimcheke. Tumkalie chini, atufunze.