Hodi ya Jini: Tafakuri juu ya Kusoma na Kukadiria Riwaya za Mahaba ya Ghaibu Kibera na Kawangware

Miongoni mwa masuala ambayo uhakiki wa fasihi ya Kiswahili haujayapa nafasi ya kutosha ni lile la namna wasomaji wa kawaida wanavyozikadiria kazi wanazozisoma. Sisi tunaofundisha tumezoea kuzigawa riwaya katika makundi mawili: riwaya dhati na riwaya pendwa. Ya kwanza tunaihakiki. Ya pili tunaitaja tu. Mgawanyo huu huwa mkali zaidi pale riwaya inapowaingiza viumbe wa ghaibu, yaani majini, mizimu, pepo na wafu wanaofufuka. Mzuka akija kwa ajili ya falsafa au siasa, tunampokea kwa heshima. Akija kwa ajili ya mapenzi, tunamfungia mlango. Katika makala haya ninakusudia kuonyesha kwamba wasomaji ninaowafahamu katika vitongoji viwili vya Nairobi wana kigezo chao cha kuzikadiria riwaya za aina hii, na kwamba kigezo hicho kinastahili kuingizwa katika mjadala wetu.

Kwamba tunaipokea ghaibu inapovaa joho la falsafa si jambo la kubishaniwa. Euphrase Kezilahabi alitupa Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991, Said Ahmed Mohamed akamfufua babu katika Babu Alipofufuka (2001) ili amsute mjukuu wake mwenye cheo, K. W. Wamitila akafuatia na Bina-Adamu! (2002). Kazi hizi zimo katika mitaala yetu, na hakuna anayeuliza kama mfu anaweza kusema. Wala ghaibu si ngeni katika nathari yetu. Katika Adili na Nduguze (1952), Shaaban Robert aliwageuza ndugu wawili kuwa manyani wanaochapwa kila usiku. Muhammed Said Abdulla, katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), alimtumia Bwana Msa kuonyesha kwamba nyuma ya mzimu kuna mkono wa binadamu. C. G. Mung'ong'o naye, katika Mirathi ya Hatari (1977), aliufanya uchawi kuwa urithi anaoachiwa kijana na babake. Kwa ufupi, ghaibu imetumiwa kuadilisha, imefumbuliwa kwa mantiki, na imesawiriwa kama mzigo wa jamii. Iliyobaki bila mhakiki ni ghaibu inayopenda na kupendwa.

Ninaziita riwaya za mahaba ya ghaibu zile ambazo mmoja wa wapenzi si binadamu, au si binadamu kamili, na ambazo matukio yake hutendeka mjini: ndani ya matatu, katika ghorofa za kupanga, ofisini na sokoni. Kwa muda wa miaka sita sasa nimekuwa nikihudhuria vikao vya wasomaji wa hadithi hizi. Kimoja hukutana Makina, Kibera, katika duka la fundi cherehani. Kingine hukutana Kawangware, nilikopanga chumba nilipokuwa mwanafunzi, nyuma ya kibanda cha mboga. Vitongoji hivi vimetenganishwa na Barabara ya Ngong na kilomita chache tu, lakini historia zao ni mbalimbali. Kibera ilianza kama makao ya askari Wanubi wa jeshi la kikoloni mwanzoni mwa karne ya 20, na jina lake latokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Kawangware imo katika ardhi ya Dagoretti, ambako mashamba ya Wakikuyu yaligeuka vyumba vya kupangisha kadiri jiji lilivyotanuka.

Vitabu huwafikia wasomaji hawa kwa njia tatu. Vipo vya mitumba, aghalabu vya Kiingereza, vinavyotandazwa kando ya njia katikati ya jiji. Zipo riwaya za Kiswahili zilizochapishwa Dar es Salaam na Nairobi, zinazopita mikononi mwa watu wengi mpaka jalada likapukutika. Tena zipo hadithi za mfululizo kutoka Tanzania, ambazo siku hizi hupokelewa kwa simu, sehemu baada ya sehemu. Wasomaji wenyewe huzungumza Sheng wakiwa njiani, lakini hadithi ya jini huitaka katika Kiswahili sanifu. Jini anayezungumza Sheng, waliniambia, hamtishi mtu. Katika ukurasa wa mwisho wa kila kitabu kinachozunguka, kila aliyemaliza huandika alama yake kwa penseli, juu ya kumi. Ni safu hizo za alama zilizonifanya nianze kuuliza: zinapima nini?

Kigezo cha kwanza ni sharti. Kila kiumbe wa ghaibu ana mwiko wake: haonekani mchana, hapendi chumvi, hatajwi jina mbele ya watu. Mwandishi ana uhuru wa kubuni mwiko wowote, lakini akishaubuni hana ruhusa ya kuuvunja kwa sababu tu msuko umemkwama. Riwaya inayomwokoa shujaa kwa uwezo ambao haukutajwa awali hupoteza alama tatu au nne papo hapo. Kigezo cha pili ni gharama. Anayepewa na jini hana budi kulipa, na malipo yawe na uwiano na alichopewa. Mtu hawezi kupewa nyumba Karen na gari akalipa kwa kuumwa kichwa. Vigezo hivi viwili mhakiki yeyote atavitambua. Ndivyo tunavyoviita uwiano wa ndani na muwala wa msuko.

Kigezo cha tatu ndicho kilichonishughulisha zaidi. Nilikisikia mara ya kwanza Kawangware, tulipokuwa tukijadili Twilight ya Stephenie Meyer, riwaya ya Marekani iliyotolewa mwaka 2005. Humo kijana Edward, mnyonya-damu aliyekwisha kuishi miaka mingi na bado anahudhuria shule ya sekondari, anampenda msichana Bella. Msomaji mmoja alikwisha kumpa jina: mumiani aliyesoma. Wengi waliipa riwaya hiyo alama nzuri kwa upande wa sharti, kwani kiumbe huyo anajizuia kunywa damu ya watu na kujizuia huko kunamgharimu. Lakini tulipofika mahali ambapo inabainika kwamba alikuwa akiingia chumbani mwa msichana usiku na kumtazama akiwa usingizini, bila yeye kujua, mazungumzo yalibadilika. "Mwalimu," aliniuliza kijana mmoja, fundi wa simu, "huyu alipiga hodi?" Alama zikashuka.

Ili kuuelewa uzito wa swali hilo, ni lazima tukumbuke lilikoulizwa. Mila ya pwani, ambayo bara imeirithi pamoja na lugha yenyewe, humtaka mgeni apige hodi mara tatu; asipoitikiwa, aondoke. Katika nyumba ya chumba kimoja, yenye ukuta wa udongo au mabati na pazia linalotenga kitanda na jiko, mila hii si adabu tu. Mwenye chumba kimoja hana sebule ya kumkalishia mgeni. Akifungua mlango amefungua kila kitu. Na si wote wanaoingia wanaobisha. Mwezi wa Julai 2018 matingatinga yalibomoa nyumba na shule Kibera ili kupisha barabara ya kuunganisha Barabara ya Ngong na Lang'ata. Kwa watu walioishi na hofu ya namna hiyo, jini anayepenya ukutani si ishara ya mapenzi makuu. Ni mmoja zaidi wa wale wanaoingia bila kukaribishwa.

Hapa ndipo ninapoona haja ya kuitazama upya nadharia tunayowafundisha wanafunzi wetu. Tzvetan Todorov, katika kitabu chake kilichotoka Ufaransa mwaka 1970, alishikilia kwamba kiini cha fantasia ni kusita: msomaji hana hakika kama tukio lina maelezo ya kimaumbile au ni la nguvu zipitazo maumbile. Nadharia hiyo inamfaa Bwana Msa barabara. Lakini wasomaji wa Makina na Kawangware hawasiti mahali hapo. Kwao, kuwapo au kutokuwapo kwa jini ni swali la nje ya kitabu, na kila mtu ana jibu lake kwa mujibu wa dini yake. Wanaposita ni mlangoni: jini yupo, amesimama nje, anapendeza, naye ana haja, je, afunguliwe? Kusita kwao si kwa elimu ya kuwako. Ni kwa ridhaa. Riwaya inayowasitisha mahali hapo kwa kurasa mia moja hupata tisa. Riwaya inayouvunja mlango katika sura ya kwanza huwa imekwisha.

Tena historia ya jiji lenyewe inaunga mkono usomaji huu. Mwanahistoria Luise White, katika Speaking with Vampires (2000), alichunguza uvumi ulioenea Afrika Mashariki wakati wa ukoloni kuhusu wazimamoto, ambao walisemekana kuwakamata watu na kuwanyonya damu. Ushahidi wake wa Nairobi aliupata kutoka kwa wakazi wazee wa Pumwani, hasa wanawake, na alikataa kuuona kama ushirikina mtupu. Aliusoma kama kumbukumbu ya mahusiano ya mamlaka na miili ya watu. Kwa maneno mengine, mnyonya-damu alifika Nairobi zamani kabla ya Edward, na swali lililomhusu lilikuwa lile lile: nani amempa ruhusa ya kuchukua? Leo, nguzo za umeme Kawangware zimebandikwa matangazo ya waganga wanaoahidi kumrudisha mpenzi aliyepotea. Nilipouliza kwa nini hadithi za limbwata hupewa alama duni ilhali matangazo yake yamejaa mitaani, nilijibiwa kwamba anayependa kwa dawa hajapenda, amefungwa.

Ieleweke kwamba wasomaji hawa hawakubaliani wao kwa wao. Mabishano makali zaidi niliyoyashuhudia yalihusu hadithi moja ya mfululizo iliyopokelewa kwa simu. Ndani yake jini wa baharini anamfuata mfanyakazi wa nyumbani kutoka Mombasa hadi Nairobi, akiwa amevaa sura ya mchumba wake aliyezama. Anamlipia kodi, anawasomesha wadogo zake, na hamdhuru kamwe. Makina waliipa nane na tisa. Mimi niliipa saba, kwa sababu lugha yake ni safi na taswira zake za bahari zimepangwa kwa ustadi. Kawangware, muuza mboga ambaye ndiye mwenyeji wa kikao aliipa sufuri. "Alipiga hodi kwa sauti ya mtu mwingine," alisema. Kijana mmoja akamkumbusha, "Lakini mama, alimlipia kodi." Akajibu kwamba kulipa kodi si kupewa ufunguo. Sikumwuliza alikoutoa ukali huo, wala yeye hakueleza. Lakini hakuna aliyecheka.

Ningali naipa hadithi hiyo saba, na mama huyo angali anaipa sufuri. Sidhani kwamba mmoja wetu anapaswa kumfuata mwenziwe. Nilichojifunza ni kwamba alama hizi mbili haziwezi kujumlishwa na kugawanywa kwa mbili tukapata tatu na nusu. Yangu inapima namna hadithi ilivyoundwa. Yake inapima mkataba ambao hadithi inamtaka msomaji aukubali. Janice Radway, alipowachunguza wasomaji wanawake wa riwaya za mahaba nchini Marekani katika Reading the Romance (1984), aliwakuta nao wana vigezo thabiti vya kutenga riwaya njema na mbovu, na upole wa shujaa wa kiume ulikuwa mmojawapo. Tofauti ni kwamba mama wa Kawangware haukubali upole kama fidia ya udanganyifu. Uhakiki wetu, ambao kwa miaka mingi umeuliza riwaya ina ujumbe gani, haujauliza vya kutosha riwaya inataka tuwe radhi na nini.

Jambo hili si la nadharia pekee. Mwanafunzi mmoja wa uzamili, mzaliwa wa Kawangware, aliwahi kupeleka mbele ya jopo la idara moja pendekezo la kuzichunguza hadithi hizi pamoja na alama za wasomaji wake. Aliulizwa fasihi iko wapi. Pendekezo lilirejeshwa, naye, kwa kuwa karo ilikuwa ikihesabika, akabadilisha mada na kuandika juu ya usawiri wa uongozi katika tamthilia mbili zilizokwisha kuhakikiwa mara nyingi. Tasnifu ilipita. Daftari lake, lenye alama za miaka mitatu pamoja na sababu zake kwa maneno ya wasomaji wenyewe, halijasomwa na mtahini yeyote.

Kwa kuhitimisha, sipendekezi kwamba kila hadithi ya jini ipandishwe daraja na kuitwa riwaya dhati. Nyingi zimeandikwa kwa pupa, na wasomaji wake ndio wa kwanza kusema hivyo. Ukurasa wa mwisho wa vitabu vyao una mbili na tatu nyingi kuliko nane. Ninapendekeza mambo mawili. Kwanza, tunapofundisha fantasia, kusita mlangoni kupewe nafasi kando ya kusita kwa Todorov, kisha tuzirudie hata riwaya tunazozienzi na kuuliza iwapo babu aliyefufuka, naye, alipiga hodi kwa mjukuu wake. Pili, majopo yetu yakubali kwamba alama iliyoandikwa kwa penseli na msomaji wa Makina ni tendo la uhakiki, lenye kigezo, hoja na mipaka, kwa hiyo linaweza kuchunguzwa kama uhakiki mwingine wowote. Daftari la mwanafunzi yule lingali lipo. Idara itakayokuwa tayari kulifungua haitakosa kazi ya kufanya.