Mifupa ya Kaswanga

Sisi watu wa Machakos tumechangia sana katika utafutaji wa visukuku, ila wengi wetu hata hatujui. Kamoya Kimeu alikwenda Olduvai mwaka 1960 kufanya kazi na watafiti Louis na Mary Leakey. Alitoka Makueni, ambayo enzi hizo ilikuwa ndani ya wilaya yetu ya Machakos. Baada yake vijana wa Ukambani waliitana, huyu akimleta binamu, yule akimleta jirani, hadi kambi za utafiti zikawa zinaongea Kikamba. Mimi niliitwa mwaka 1984. Sikupelekwa Turkana kwenye jangwa walikokuwa wengi wao. Nilipelekwa kisiwa cha Rusinga, Ziwa Victoria, kuwa kibarua wa uchimbaji.

Mama hakupendezwa hata kidogo. Kwetu mifupa ya wafu haichezewi, na yeye hakuona tofauti kati ya kaburi na shimo la mtafiti.

"Mwaitu, si ya watu," nikamwambia. "Ni ya wanyama wa zamani."

"Wa zamani kiasi gani?"

Sikuwa na jibu. Nililipata kisiwani: miaka milioni 18 hivi.

Rusinga nilitarajia iwe kijani kwa kuwa imezungukwa na maji. Nikakuta miteremko mikavu ya kijivu, miiba, na jua linalopiga kama la Yatta. Udongo ule wa kijivu ndio siri ya kisiwa. Zamani hizo palikuwa na mlima wa volkano, Kisingiri, uliokuwa ukimwaga majivu yenye chokaa nyingi. Majivu hayo yalifunika msitu na viumbe wake, yakaganda, na chokaa ikahifadhi hata vitu ambavyo kwa kawaida huoza upesi: matunda, mbegu, wadudu. Niliwahi kushika tunda la jiwe, dogo kuliko zambarau, mikunjo ya ganda lake ikionekana wazi. Siku hiyo ndipo nilipoamini hesabu za maprofesa waliotuongoza.

Kisiwa kilikuwa maarufu kabla hatujazaliwa. Tarehe 2 Oktoba 1948 Mary Leakey aliona jino likichungulia kwenye mteremko, na kutoka hapo likapatikana fuvu la Proconsul, kiumbe wa jamii ya sokwe wa kale. Mwenyewe alilipeleka Uingereza kwa ndege. Lilikaa London zaidi ya miaka 30 kabla ya kurudishwa Kenya. Mwaka 1951 mwanajiolojia Whitworth akapata mifupa mingine ndani ya duara la mwamba, akadhani ni shimo lililochimbwa na maji ya mto. Sehemu ya mifupa hiyo ilikaa miaka mingi katika makumbusho ya Nairobi, imechanganywa na ya wanyama wengine, mpaka watafiti Alan Walker na Martin Pickford walipoitambua. Na lile shimo? Lilikuwa shina la mti mkubwa lenye uwazi ndani, lililogeuka jiwe. Habari hiyo ilinikaa sana. Mnyama amefia ndani ya mti, na mti nao umebaki umemkumbatia.

Walker na mwenzake Mark Teaford ndio walioongoza kazi yetu ya mwaka 1984. Eneo lililotupa mavuno ni Kaswanga. Tulitambaa kwa magoti, tumepangana mstari, asubuhi jua likiwa bado chini kwa sababu kivuli kirefu hukionyesha kitu kidogo. Hutafuti rangi, unatafuta umbo. Jiwe halina mpango. Mfupa una mpango. Ukishuku, unagusisha kipande ulimini, na mara nyingi mfupa hunata. Udongo wote tuliouchimba ulipita kwenye chekeche. Hapo ndipo vilipotokea vile vidogo: vifupa vya vidole vya mkono na vya mguu, vingine havizidi punje ya mahindi kwa ukubwa. Viliwekwa kwenye karatasi laini, vikaandikwa namba, vikafungwa. Havikuwa vya mnyama mmoja. Wakubwa na watoto walikuwamo, na kwa hiyo wataalamu wakaweza kujifunza jinsi kiumbe yule alivyokua na alivyokamata matawi. Mwaka 1991 walichapisha hoja kwamba Proconsul hakuwa na mkia, kama sokwe wa leo na kama sisi.

Mwaka huohuo wa 1984, mwezi Agosti, Kamoya aliona kipande cha fuvu huko Nariokotome, kisichozidi kisanduku cha kiberiti, kikawa mwanzo wa mifupa ya mtu wa kale anayejulikana kama Kijana wa Turkana. Habari zilipotufikia tulifurahi kama watu wa ukoo mmoja.

Ninachokidai leo, nikiwa mzee, ni kwamba kuona ni kazi ya akili. Atambaaye juani na kutenganisha mfupa na kokoto elfu moja amefanya sayansi, hata kama ripoti itaandikwa na mwingine. Wachache wametambuliwa. Mwaka 1993 spishi ya Proconsul yenye mwili mdogo ya Rusinga ilipewa jina heseloni, kwa heshima ya Heselon Mukiri, aliyefanya kazi na Louis Leakey miaka mingi. Mwaka 2015 wataalamu wakaihamishia katika jenasi ya Ekembo, jina lililotoka kwa Wasuba wenyewe, wenyeji wa kisiwa, na heseloni likabaki palepale. Kamoya naye aliheshimiwa kwa jina la jenasi Kamoyapithecus mwaka 1995. Bernard Ngeneo, aliyeona fuvu mashuhuri la Koobi Fora mwaka 1972, hakupata kitu cha namna hiyo. Fuvu lake dunia nzima hulitaja kwa namba, 1470.

Wanafunzi wakinitembelea huwa naanza na Ngeneo.