Usikimbilie kung'oa isale kwa sababu ya mbwa

Mtoto wa mbwa huijua dunia kwa meno. Kiatu, kamba ya mbuzi, jani lililo karibu, vyote hupita kinywani. Ndiyo maana swali la mmea gani uko salama uani huwahusu hata wasiopanda maua.

Katika familia moja ya Mamba, kwenye Milima ya Upare wilayani Same, mbwa mdogo alikutwa akitokwa udenda na kutapika povu, majani ya isale yaliyotafunwa yakiwa pembeni. Mama wa nyumba akaagiza jembe. Mama mkwe akamzuia: "Mwanangu, hilo si ua. Ni mpaka."

Kila mmoja alikuwa na haki yake. Upareni, kama kwa jirani zao Wachaga, isale huonyesha shamba la huyu linapoishia na la yule linapoanzia. Kuling'oa bila jirani kushuhudia ni kuanzisha kesi ambayo wajukuu watairithi. Lakini isale, ambalo wataalamu huliita Dracaena fragrans na watu wa mjini hulipanda kwenye vyungu vya sebuleni, kweli lina saponini, kemikali zinazomdhuru mbwa. Akilitafuna hutapika, hukataa chakula na kulegea. Kwa kawaida humsumbua, halimuui.

Waliafikiana kukata majani ya chini tu, yale ambayo mbwa anayafikia. Isale likabaki. Tangawizi, zao linalojulikana sana Mamba, haikuguswa. Hiyo si sumu kwa mbwa.

Ajabu ni kwamba katika ubishi wote huo hakuna aliyeutazama mnyonyo uliojiotea nyuma ya choo, karibu na shimo la taka. Huo haukupandwa na mtu, hauna mwenyewe, na ndio wa kuogopwa. Mbegu zake zina madoadoa na zinang'aa kama kupe aliyeshiba. Hata jina lake la kitaalamu, Ricinus, kwa Kilatini maana yake ni kupe. Ndani yake mna risini, sumu inayodhaniwa ndiyo iliyomuua mwandishi Georgi Markov jijini London mwaka 1978.

Mbegu ikimezwa nzima inaweza kupita tumboni bila madhara, kwa kuwa ganda lake ni gumu. Ikitafunwa, risini hutoka. Kinachowapoteza wengi ni muda: mbwa anaweza kucheza kama kawaida kwa saa kadhaa, hata siku nzima, ndipo aanze kutapika na kuharisha damu. Dawa ya kuondoa sumu hiyo haipo. Daktari hutibu dalili tu.

Mafuta ya mnyonyo ya kupaka nywele hayana shida hiyo, maana risini hubaki kwenye mashudu. Basi mashudu nayo yasiachwe wazi shambani kama mbolea. Na watoto wanaochezea mbegu hizo kama gololi wako hatarini sawa na mbwa.

Mnyonyo ule uling'olewa, mbegu zilizodondoka zikaokotwa moja moja na kutumbukizwa chooni.

Mbwa akishatafuna, usimtapishe kwa chumvi. Mpeleke kwa daktari wa mifugo mapema, hata kama bado anatingisha mkia, ukiwa umeshika tawi la mmea wenyewe na ukikumbuka ilikuwa saa ngapi.